Chai: Kwa Nini Nchi Hazivuni Sawa?



Leo tuzungumze juu ya chai. Sisi Singida tunainywa tu, hatuilimi. Chai hutaka mvua ya milimita 1,200 au zaidi kwa mwaka, na mvua yetu haifiki hapo. Lakini habari za chai zina fundisho kwetu sisi wa alizeti, mtama na vitunguu.

Katika hesabu za dunia, Uchina ni ya kwanza kwa wingi wa chai, India ya pili, Kenya ya tatu. Je, eka moja ya Uchina huzaa kuliko eka moja ya Kenya? La! Uchina inaongoza kwa sababu mashamba yake ni mengi mno. Kwa eka moja, Kenya huishinda.

Sababu ni nini? Kwanza ni hali ya hewa. Kericho, huko Kenya, iko karibu na ikweta. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, nao wachumaji huchuma karibu mwaka mzima. Uchina, baridi ikija, chai hulala, haichipui. Pili ni uchumaji. Sehemu nyingi za Uchina huchuma machipukizi machanga tu, kwa sababu yana bei nzuri. Basi kilo huwa chache.

Na Tanzania je? Chai yetu iko Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara. Kwa eka moja, wakulima wetu wadogo wengi huvuna chini ya wenzao wa Kenya. Mufindi ina kiangazi kirefu. Mbolea ni ghali. Mashamba mengine yana mapengo. Tena gari likichelewa, majani yaliyochumwa huharibika. Lakini majaribio ya Ngwazi, Mufindi, yalionyesha kuwa chai ikimwagiliwa kiangazi na kutiwa mbolea, mavuno huongezeka sana. Kwa hiyo si ardhi peke yake.

Sasa tuangalie mtego wa hesabu. Kilo 4 au 5 za majani mabichi hutoa kilo 1 tu ya chai kavu. Mmoja akihesabu mabichi na mwingine akihesabu makavu, hawawezi kulinganishwa.

Na sisi hapa mtego huo tunao. Mtu akisema, "Nimepata gunia 20 za alizeti," tumwulize: kwa eka ngapi? Gunia la kawaida au la lumbesa? Gunia 10 za lumbesa si sawa na gunia 10 za kawaida. Anayeuza lumbesa hupunjwa mara mbili: mfukoni, na katika hesabu ya shamba lake.

Basi ndugu, daftari tunazo na kuandika tunajua. Tuandike eka, tarehe ya kupanda, na kilo zilizopimwa kwa mizani. Msimu ujao tulinganishe. Hapo ndipo tutajua kama shamba limeongeza mavuno, au ni gunia tu limefura.