Meli Yaja, Fedha Yabaki Wapi?

Usiku wa Septemba 18, 2017, kimbunga Maria cha daraja la 5 kilikipiga kisiwa cha Dominica, huko Karibiani. Miaka miwili tu kabla, tufani Erika ilikuwa imeleta mafuriko na maporomoko ya udongo. Hasara ya Maria ilikadiriwa kuwa zaidi ya mara mbili ya pato la taifa la mwaka mzima, kwa nchi ya watu takriban 70,000.

Baadaye meli za watalii zilirudi Roseau, mji mkuu, na ni heri zilirudi: hoteli zilikuwa zimeezuliwa mapaa, lakini meli huja na vitanda vyake.

Hapo hapo ndipo penye tatizo, msikilizaji. Abiria anashuka asubuhi, jioni keshapanda. Amelala na kula melini. Kisiwani anaacha nauli ya kwenda maporomoko ya maji ya Trafalgar, pengine na bei ya kikapu cha Wakalinago, wenyeji wa asili wa kisiwa, kilichosukwa kwa mkono, ambacho bado atataka apunguziwe.

Kwa maoni yangu, kampuni za meli zinunue matunda, mboga na samaki kwa wakulima na wavuvi wa kisiwa. Mkulima aliyeng'olewa migomba anahitaji mnunuzi wa uhakika.