Panya Katika Trela: Tuzibe Tundu Kabla ya Baridi

Haya ni maneno aliyoyasema mhudumu wetu wa familia katika mkutano wa wazazi uliofanyika Boise, Idaho, mwishoni mwa Septemba. Tumeyaweka hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Najua wengine mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mnaingia zamu ya usiku, kwa hiyo sitawachosha.

Mwezi huu nimepigiwa simu na familia kadhaa zinazoishi kwenye trela. Kuna waliopanga nyumba ya trela kwenye paki, zile ndefu zisizohamishwa. Kuna walionunua kempa, yaani trela ndogo ya kuvutwa na gari, wakae humo huku wakitafuta nyumba, au waende nayo kwenye kazi za mashambani. Wote wanasema neno moja: panya wameingia.

Mama mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikimwambia mwenye trela kuna panya, si atasema sisi ni wachafu? Akitufukuza tutakwenda wapi na watoto?" Basi alinyamaza, akawa anafagia kila asubuhi kabla watoto hawajaamka. Nimekuja kusema juu ya mambo hayo mawili: kunyamaza na kufagia. Yote mawili yana hatari.

Panya si aibu, panya ni tundu

Mimi nimekulia Nyarugusu, kule Kigoma. Wengi wenu mnaijua kambi ile, na panya wake mnawajua. Waliingia kwenye magunia ya mahindi ya mgao, kwa waliofagia na kwa wasiofagia. Hapa ni vivyo hivyo. Usiku ukianza kuwa baridi, panya hutafuta joto na chakula. Trela ina vyote viwili, na chini yake imejaa matundu: bomba la maji linapopita, waya wa umeme unapoingia, maji machafu yanapotokea. Tundu la upana wa penseli linamtosha panya mdogo kupita. Hata Mmarekani tajiri mwenye kempa mpya anakuta panya ndani anapoifungua baada ya majira ya baridi. Kwa hiyo usione haya.

Lakini usingoje. Panya jike hubeba mimba wiki tatu tu, na mara nyingi huzaa watoto watano au sita kwa mpigo. Hao nao baada ya wiki sita hivi wako tayari kuzaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye trela msemo huo ni kweli kabisa, maana panya hutafuna nyaya za umeme zilizo ukutani, na waya uliotafunwa unaweza kuwasha moto. Trela ikishika moto haiwapi watu muda mrefu wa kutoka.

Kwa nini nasema usifagie

Kule kwetu, watu wa Ituri wanajua habari za tauni na viroboto vya panya. Huku magharibi ya Marekani kuna ugonjwa mwingine, unaitwa hanta. Madaktari waliutambua mwaka 1993, watu walipoanza kufa kwa kukosa pumzi katika eneo ambapo majimbo ya New Mexico, Arizona, Colorado na Utah yanakutana. Unaletwa hasa na panya wa porini: mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, macho na masikio makubwa. Panya huyo yupo hapa Idaho pia, na anapenda vibanda, magari yaliyoegeshwa na trela.

Panya mwenyewe haumwi. Virusi viko kwenye mkojo wake, mavi yake na mate yake. Vikikauka, kisha ukapita na ufagio, vumbi linapanda na unalivuta puani. Ndiyo njia kubwa ya kuupata. Ugonjwa huu hauwapati watu wengi, lakini kati ya wale ambao unafika kwenye mapafu yao, zaidi ya mtu mmoja kwa kila watatu hufariki. Hauna chanjo wala dawa maalumu ya kuuponya. Kinga yako ni namna unavyosafisha.

Basi sikilizeni namna ya kusafisha. Kwanza fungua milango na madirisha yote, toka nje na watoto, ngoja nusu saa. Usifagie mavi ya panya yaliyokauka, wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Vaa glovu za mpira. Changanya blichi, ile tuliyozoea kuiita jiki: kikombe kimoja cha blichi kwa vikombe tisa vya maji. Usiichanganye na sabuni nyingine ya kusafishia, maana inaweza kutoa hewa ya sumu. Nyunyizia polepole mpaka mavi na kiota vilowe kabisa, kisha ngoja dakika tano. Futa kwa karatasi, tia kwenye mfuko wa plastiki, funga, tia kwenye mfuko wa pili, funga tena, tupa kwenye pipa la nje. Kisha pangusa sakafu, droo na meza kwa maji yale yale ya blichi. Nguo na mashuka yaliyoguswa na panya, fua kwa maji ya moto na sabuni. Nawa mikono glovu zikiwa bado mkononi, zivue, nawa tena.

Baada ya hapo, jiangalieni kwa wiki nane. Mtu akipata homa, uchovu, na maumivu makali ya misuli ya mapaja, kiuno na mgongo, msiseme ni malaria ya zamani imerudi. Nendeni kwa daktari, mmwambie wazi: "Nilisafisha mahali palipokuwa na panya." Kikohozi na kukosa pumzi hufuata siku chache baadaye, na hapo ni kupiga 911 bila kungoja kesho. Ombeni mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kumtoa, nanyi hamlipi. Msimtumie mtoto wa shule kutafsiri habari za ugonjwa.

Namna ya kuziba

Chukua tochi. Saa ya jioni, mmoja aingie ndani na tochi, mwingine akae nje chini ya trela. Pale mwanga unapopenya, panya anapita. Angalieni chini ya sinki ya jikoni, chini ya sinki ya bafuni, nyuma ya choo, nyuma ya jiko na mashine ya kufulia. Kwenye kempa angalieni pia kidirisha kinachoingiza waya wa umeme, juu ya magurudumu, chini ya mlango, na raba za chumba kile kinachosukumwa nje.

Tundu dogo lijaze nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, zile zisizo na sabuni, uzishindilie, kisha ufunike kwa silikoni ya kuzibia. Vyote vinapatikana kwenye duka la vifaa vya ujenzi kwa bei ndogo. Povu peke yake halitoshi, panya analitafuna kama mkate. Tundu kubwa lifunike kwa bati au wavu wa chuma wenye macho madogo. Nyumba ya trela ina plastiki nene chini ya sakafu, inayoshika sufi ya kuzuia baridi. Ikichanika, panya hujenga humo kama kijiji kizima, kwa hiyo ishoneni kwa utepe wake maalumu. Na ule ukuta mwembamba unaozunguka chini ya trela usiwe na mbao zilizobanduka.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kuna matundu ambayo hayazibwi. Mashine ya joto, jiko, friji ya gesi na tangi la kuchemshia maji vina njia zake za kutoa moshi na kuingiza hewa. Ukiziba njia hizo kwa nyuzi au matambara, hewa ya sumu ya monoksidi ya kaboni inarudi ndani. Haina harufu, na familia inaweza kulala isiamke. Kuna nyavu zilizotengenezwa kwa ajili ya matundu hayo. Kama hujui tundu fulani ni la nini, usiliguse, nipigie kwanza. Na kila trela iwe na kengele ya moshi na kengele ya hewa hiyo ya sumu, zenye betri nzima.

Chakula, mitego na sumu

Tumezoea kununua unga, mchele na maharage kwa gunia, na si vibaya. Lakini gunia likikaa sakafuni au chini ya kitanda, umemwandalia panya meza. Nunua ndoo zenye mfuniko wa kubana, mimina humo. Dagaa waende kwenye chupa au bati lenye mfuniko, maana harufu yake inaita panya kutoka mbali. Chakula cha mbwa kisilale nje. Jiko la nyama choma lisafishwe baada ya kula. Kuni na majani makavu yasiegemee trela.

Walio ndani tayari, watege. Mtego wa ubao wenye springi ni wa bei rahisi na unaua mara moja. Paka siagi ya karanga kidogo, kiasi cha punje ya haragwe. Uweke kando ya ukuta, upande wenye chambo ukigusa ukuta, kwa sababu panya hutembea akiambaa ukuta. Weka mitego kadhaa usiku mmoja, ikaguliwe kila asubuhi. Penye watoto, ifunike kwa boksi lenye tundu dogo. Panya aliyekufa mnyunyizie blichi kwanza, umtoe ukiwa na glovu. Mitego ya gundi sishauri: panya anahangaika humo akiwa hai na kukojoa kila mahali.

Sumu ya panya kwenye trela nayo ni hatari. Panya anakwenda kufia ukutani, mnanusa uvundo wiki nzima. Zaidi ya hapo, mtoto anayetambaa anaweza kuiokota. Ikitokea mtoto ameweka sumu mdomoni, piga 1-800-222-1222, saa yoyote, bure, na uombe mkalimani. Akizimia au akishindwa kupumua, piga 911.

Wengine mnaambiwa muweke vidonge vyeupe vya kabatini, vile vya kufukuza nondo. Havimzuii panya, na hewa yake katika chumba kidogo ina madhara. Kwa wenye upungufu wa G6PD katika damu, hali inayowapata watu wengi wa kwetu, dawa ya vidonge hivyo inaweza kuvunja chembe za damu. Watoto wachanga wako hatarini zaidi. Na paka je? Paka ni mzuri, lakini hawezi kuziba tundu. Anakula mmoja, wawili wengine wanaingia.

Nani anatengeneza?

Sasa nirudi kwa yule mama. Kama mmepanga trela yenyewe, kwa kawaida mwenye trela ndiye anayewajibika kuitengeneza. Kama trela ni yenu na mmepanga kiwanja tu, matengenezo ya trela ni yenu. Soma mkataba, au uje nao tuusome pamoja. Ukitoa taarifa, usiseme kwa mdomo peke yake. Andika ujumbe wenye tarehe, piga picha za mavi na matundu, tunza nakala. Msiache kulipa kodi kwa hasira kabla ya kupata ushauri, maana hilo ndilo linaloweza kuwafukuzisha. Yule mama tuliandika naye ujumbe huo tukiwa mezani kwake, mistari minne tu.

Na kwa anayetaka kununua kempa iliyotumika: kabla hujatoa hela, iache wazi nusu saa, kisha fungua kila droo, inua kila godoro, chungulia chini ya sinki kwa tochi. Ukikuta mavi mengi, harufu kali ya mkojo au nyaya zilizotafunwa, muage muuzaji kwa heshima uende zako. Bei rahisi hiyo utailipa mara mbili.

Wiki hii naomba kila familia ifanye jambo moja: kutembea na tochi. Andikeni idadi ya matundu mliyoyaona, mniletee. Nyuzi za chuma na silikoni za kuanzia zipo ofisini. Wazee wasioweza kuinama chini ya trela, vijana wetu watawasaidia Jumamosi. Theluji haijaanguka bado, tuna muda.

Mwenye swali anyooshe mkono, na mwenye panya asinyamaze.