Askari Aliyelaumiwa kwa Kurudi Hai



Leo nataka kuwaelezeni habari za Shigeru Mizuki, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1922. Katika Vita Kuu ya Pili alipelekwa Rabaul, katika kisiwa cha New Britain. Huko kikosi chake kidogo kilishambuliwa, wenziwe wakauawa, naye akaokoka. Alipofika kambini, mkubwa wake alimlaumu kwa kurudi hai. Kisha akashikwa na malaria, na mwaka 1944 bomu la ndege likamjeruhi, hata mkono wake wa kushoto ukakatwa. Wenyeji wa kisiwa ndio waliomfanyia wema, wakampa chakula.

Vita vilipokwisha alirudi Japani, akatafuta riziki kwa kuchora na kuandika hadithi kwa mkono mmoja uliobaki. Mwaka 1973 alitoa kitabu cha picha juu ya askari walioamriwa kufa wote pamoja. Alifariki mwaka 2015, mwenye miaka 93.

Wako wasemao kwamba askari hodari ni yule afaye vitani. Lakini maiti hasemi. Kama Mizuki naye angalikufa siku ile, nani angalitueleza habari za wenziwe?