Lango la Thimlich Ohinga

 

Siku ya pili ya Krismasi iliyopita tuliwachukua vijana wa kanisa, tukatoka Homa Bay alfajiri, tukapita Rodi Kopany na Ndhiwa, tukaingia upande wa Migori mpaka Thimlich Ohinga. Wengi wao walikuwa wamekuja likizo kutoka Nairobi. Walikuwa wameona majumba ya ghorofa, lakini boma hili la wazee hawakuwa wameliona, ingawa liko karibu na kwao.

Kwa Kijaluo ohinga ni boma, na thimlich ni msitu mnene wa kutisha. Inadhaniwa kwamba boma hilo lilijengwa katika karne ya 16, na mwaka 2018 UNESCO waliliandika katika orodha ya Urithi wa Dunia. Yako maboma mengine ya namna hiyo katika nchi yetu ya ziwani, lakini hili ndilo kubwa kupita yote, tena ndilo lililohifadhika vizuri zaidi. Watu na ng'ombe wao walilala ndani, salama na adui.

Kuta zake ni za mawe matupu. Hakuna udongo katikati, wala chokaa, wala saruji. Hata hivyo kimo chake ni mita 1.5 na mahali pengine hufika mita 4.5, na unene ni kama mita 1. Kijana mmoja, fundi wa kujenga, alichuchumaa akatazama sana. Akatuonyesha kwamba ukuta una uso wa nje na uso wa ndani, na katikati yamejazwa mawe madogo madogo yanayozishika pande zote mbili. Akasema, "Mchungaji, mwenye saruji huweza kuficha kosa lake. Huyu hakuwa na mahali pa kulificha." Tukacheka naye. Hatukujua kwamba neno hilo lingetufuata mpaka nyumbani.

Halafu tukaingia langoni. Lango ni dogo, limefunikwa kwa mawe juu, na mtu mzima hana budi kuinama. Adui aliyeingia hivyo aliingiza kichwa kwanza, nao wenye boma wako ndani wanamngoja. Mgeni mwema naye aliinama vile vile. Vijana walipiga picha nyingi hapo. Sisi pia tulipigwa moja, tumeinama, kofia mkononi.

Tuliporudi nyumbani jua lilikuwa limekwisha kutua. Lango letu ni la bati, lenye kufuli kubwa, na siku hiyo nyumba nzima ilikuwa imetoka. Tukakuta kuku amefungwa miguu chini ya lango, na kando yake kikapu cha njugu. Watoto wa jirani wakatuambia ni Mzee fulani aliyevileta. Aliketi juu ya jiwe tangu adhuhuri, akangoja mpaka ng'ombe wakarudi, ndipo akaondoka.

Msikilizaji, Mzee huyo tulikuwa tumemkosea. Wakati wa mavuno tulimtaja mbele ya ushirika kwamba fedha alizokusanya zimepungua. Baada ya majuma mawili karani akatuonyesha daftari: tuliojumlisha vibaya ni sisi. Tukanyamaza. Tulijiambia kwamba tutamwendea shughuli zikipungua, na shughuli za mchungaji hazipungui kamwe. Mathayo sura ya tano, pale Bwana anapomwambia mwenye sadaka aiache madhabahuni aende kwanza kupatana na ndugu yake, tumeihubiri mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Lakini aliyeinuka akaja alikuwa yeye tuliyemkosea, naye alikuta kufuli, kwa kuwa tulikuwa tumekwenda kutazama lango la watu waliokufa zamani.

Usiku ule hatukulala vizuri.

Asubuhi tulikwenda kwake kwa miguu, tumechukua kikapu chake. Boma lake limezungukwa na ua wa miti, na langoni umelazwa mti mmoja tu. Tukapiga hodi. Akatoka, akauondoa mti ule mwenyewe.

Tukasema, "Mzee, kosa la hesabu lilikuwa letu. Tumelijua tangu zamani. Jumapili tutalisema pale pale tulipokutaja."

Alikaa kimya kwa muda mrefu, tukadhani ataturudisha. Kisha akamwita mjukuu wake alete kiti.

Jumapili tulisimama mbele ya ushirika tukayasema, na sauti yetu haikuwa na nguvu kama siku ile ya mavuno. Mzee alikuwa kwenye benchi lake la siku zote, upande wa dirisha. Kuku yule yumo uani mwetu mpaka leo. Hakuna aliyekubali kumchinja.