Andika Ulichosoma Kabla Hakijakuponyoka



Ndugu zangu vijana, wake kwa waume, na nyinyi wazazi wetu mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena Ramadhan. Sitawachosha, najua koo ni kavu na magharibi bado.

Nina swali moja tu. Kitabu cha mwisho ulichosoma, kisichokuwa cha hadithi wala cha mtihani, kitabu cha kukupa maarifa, kilikuwa kipi? Na kilikufunza nini? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Wengi wetu tutakumbuka rangi ya jalada, basi.

Mimi pia nilikuwa hivyo mpaka yaliponifika. Mzee wangu ana sukari. Mwaka mmoja daktari alimruhusu kufunga kwa masharti, nami nikaenda maktaba nikasoma kijitabu kizima juu ya sukari na saumu. Nikakirudisha, nikajiona mjuzi. Siku moja baada ya adhuhuri baba akaanza kutoka jasho na kutetemeka mikono. Tukamtoboa kidole kumpima, mashine ikaandika 3.4. Mama akanigeukia: "Wewe si ulisoma? Hii ni sawa ama ni hatari?"

Nikaduwaa. Nilijua iko namba, lakini ni ngapi? Na baba naye anasema, "Niacheni, magharibi haiko mbali." Alhamdulillahi, jirani yetu mmoja ni muuguzi. Alipokuja hakukaa hata kitini. Akasema ikishuka chini ya 3.9 saumu inafunguliwa papo hapo, hakungojwi adhana. (Kwa mashine zinazosoma kwa mamia, ni chini ya 70.) Baba akanywa maji ya glukosi, akapata nafuu. Lakini lile bumbuazi langu sijalisahau. Nilisoma, sikuandika, na siku ya haja kusoma kwangu hakukumfaa mzazi wangu.

Ndugu zangu, sisi ni umma ambao neno la kwanza tulilopewa ni amri ya kusoma, na katika Suratul Alaq hiyo hiyo ikatajwa kalamu. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inazungumzia nini? Kuandika deni. Deni ambalo watu wawili wanalijua, tena lina mashahidi, bado tumeambiwa tuliandike. Je, ukurasa uliousoma peke yako usiku, shahidi wake ni nani?

Wenzetu wa zamani walilifahamu jambo hili. Mwaka 987, sawa na 377 Hijria, palikuwa na mtu Baghdad akiitwa Ibn al-Nadim, mtu wa kazi ya vitabu. Aliandika orodha kubwa, Al-Fihrist, ya vitabu vya Kiarabu alivyovijua na waliovitunga. Vingi katika vitabu hivyo vimepotea. Leo twajua kwamba vilikuwako kwa sababu yeye alikaa akaandika.

Huku kwetu, Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikusanya habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika Mashariki, na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1972. Mambo mangapi ya masheikh wetu yangezikwa nao lau hakushika kalamu?

Sasa, tufanyeje? Nunua daftari la kawaida, lile la shule. Kila kitabu kipe ukurasa wake.

Kwanza, andika jina la kitabu, mwandishi, na mwaka kilipochapishwa. Mwaka usiuache! Kitabu cha kabla ya 2006 kitakuambia sayari ni 9, na mwaka huo wanajimu waliitoa Pluto, zikabaki 8. Kitabu cha kabla ya katiba ya 2010 kitakuambia Kenya ina mikoa 8, na leo tuna kaunti 47. Kitabu hakikudanganya, ila wakati umekipita.

Pili, andika ulikipata wapi. Kama ni maktaba, nakili ile namba iliyo mgongoni mwa kitabu. Katika maktaba zetu nyingi Uislamu uko 297, udaktari 610, historia ya Afrika 960. Ukiwa na namba hutazunguka rafu hadi rafu.

Tatu, andika mambo matatu uliyojifunza, kwa maneno yako, na ukurasa wa kila moja. Lakini tarakimu zinakili kama zilivyo. Mimi ningekuwa na hiyo 3.9 tu, ingetosha.

Nne, andika unalolitilia shaka na mtu utakayemuuliza. Jambo la tiba muulize daktari, la dini muulize sheikh. Daftari ni la kukukumbusha, si la kukufanya mufti.

Tano, andika utakalolifanya. Mimi siku hizi nina karatasi imebandikwa mlangoni mwa jokofu: dalili za sukari kushuka, namba yenyewe, na simu ya kupiga. Hata ndugu yangu wa darasa la nne anaijua.

Kisha tujihadhari na riya. Daftari si la kuhesabia vitabu ili tuwatambie wenzetu. Kurasa tano zilizoandikwa vizuri ni bora kuliko majina hamsini matupu. Na nyinyi wazazi, mtoto akimaliza kitabu msimuulize tu, "Umemaliza?" Mwambieni, "Hebu nisomee ulichoandika." Mtashangaa.

Ramadhan ni siku 29 au 30. Nakuomba kitabu kimoja tu na ukurasa mmoja tu, ukiisha kabla ya Idd. Nusu saa baada ya alasiri, badala ya kulala ukingoja futari, yatosha. Anza na kitabu kinachomhusu mtu wa nyumbani kwako. Huenda siku moja akakugeukia akakuuliza, "Wewe si ulisoma?" Na wewe usiduwae kama mimi, ufungue daftari.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.