Bastola ya mfukoni na mlango wa nyumba
Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Baraka, teritware ya Fizi



Komite ilituomba leo tuzungumze juu ya jambo moja tu. Tangu kiangazi kianze, watu wanatuvuta pembeni mmoja mmoja na swali lile lile: bastola ndogo, ile ya kuingia mfukoni, ni ya namna gani inayofaa kwa mtu kujilinda akishambuliwa karibu? Na ndugu mmoja alifika hatua ya kuandika ombi la mkopo kwenye kese yetu ya mshikamano. Hakuficha kitu. Aliandika wazi: ya kununua silaha ya kulinda nyumba. Tunamshukuru sababu aliuliza mchana, mbele ya watu. Kuna wengine wanauliza usiku, kwa watu wenye faida ya kuwauzia.

Hatulichekei swali hilo. Mtu aliyetoka Nyarugusu akajenga tena nyumba, akaweka mabati mapya na solari moja juu, kijiji kizima kinamtazama. Anahesabiwa tajiri hata kama mabati yale ni deni. Wezi wanajua siku ya msaada, wanajua siku AVEC inagawa pesa, wanajua nani aliuza dagaa jana. Na polisi ni wachache, tena wako mbali, tena usiku hawatembei. Mtu mwenye watoto watano akisema anataka kitu mkononi, tunamuelewa.

Basi tuiangalie ile silaha yenyewe kama ilivyo. Sinema tuziache.

Bastola ya mfukoni si kitu kipya. Mfano wake unaojulikana sana ni ile FN ya mwaka 1906, iliyotengenezwa Herstal huko Ubelgiji kwa mchoro wa John Browning. Urefu wake ni sentimeta 11 hivi, inaingia kwenye kiganja, inabeba masasi 6 ya milimeta 6.35. Nyingi zilizofuata zilifuata njia hiyo. Ili iwe ndogo, kila kitu kinakatwa: mtutu unakuwa mfupi, kishikio kinatosha vidole viwili, alama ya kulengea karibu haionekani. Watu wanadhani ndogo ni rahisi kutumia. Ni kinyume chake. Silaha ndogo inaruka mkononi, na inamtaka mtu mwenye mazoezi mengi kuliko ile kubwa. Ile ya mzunguko, rivolva, haina mambo mengi: unavuta tu. Lakini kuivuta kunataka kidole chenye nguvu, na ukivuta kwa nguvu mtutu unageuka pembeni. Ile ya magazini inataka ukumbuke kufungua usalama na kuingiza sasi la kwanza, gizani, mikono ikitetemeka, mtoto akilia pembeni yako. Mazoezi hayo utayafanyia wapi hapa Fizi? Ukipiga sasi moja tu nyuma ya nyumba kwa kujaribu, kijiji kizima kinakimbilia ziwani.

Sasa tazameni mwenye kuja. Hapa kwetu mwizi wa usiku haji peke yake na kisu. Wanakuja watatu, wane, na angalau mmoja ako na AK. Magazini yake inabeba masasi 30. Sasi lile dogo la 6.35 linatoka na nguvu ya joule 90 hivi. La AK linatoka na karibu 2000, zaidi ya mara 20. Na kuta zetu za miti na udongo hazilizuii. Ukifyatua wewe kutoka chumbani, yeye hahitaji kukuona. Atapiga ukuta wote, na nyuma ya ukuta ule njo watoto wanalala.

Kuna jambo la pili, la muda. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Marekani, jina lake Dennis Tueller, aliandika juu ya jaribio rahisi: mtu mwenye kisu akiwa mbali mita 6 na kitu, anahitaji sekunde moja na nusu tu kumfikia polisi. Ni karibu muda ule ule ambao polisi mwenye mazoezi anahitaji kutoa bastola kiunoni na kupiga. Huyo ni polisi, amesimama, ameamka, anajua jaribio linaanza. Nyumba zetu nyingi kutoka mlango mpaka kitanda hazifiki mita 4. Mlango ukianguka, mwizi amekwisha kufika. Bastola iko chini ya godoro, na wewe bado unatafuta tochi.

Mama mmoja aliuliza vizuri sana juma lililopita: kama bastola iko chini ya godoro, mtoto ataikuta lini? Hapo hakuna jibu zuri. Ukiifungia kwenye sanduku na kadenasi, mtoto yuko salama lakini usiku haikusaidii. Ukiiweka karibu na mkono wako, iko karibu na mkono wake pia. Kwenye nyumba ya vyumba viwili, watu nane ndani, hakuna pahali pa katikati.

Sasa tuje kwa sheria, sababu tunasikia maneno mengi ya uongo. Silaha na masasi katika nchi yetu vinaongozwa na sheria nambari 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hawezi kuwa na silaha ya moto bila ruhusa ya maandishi, na ruhusa hiyo ni jambo la wizara ya mambo ya ndani. Shefu wa kijiji hana uwezo huo. Komanda wa pale kituoni hana. Na yule muuzaji anayekuambia "nitakupatia na karatasi yake" anakuuzia mashaka mawili kwa bei moja. Bastola inayotembea kichinichini mara nyingi ilitoka mikononi mwa askari, kwa kuuzwa au kwa kuibiwa, na wewe hujui ilifanya nini kabla ya kukufikia. Ikikamatwa kwako, historia yake yote inakuwa yako. Kisha raia anayekamatwa na silaha ya vita, sheria za kijeshi za Novemba 2002 zinampeleka mbele ya mahakama ya kijeshi. Si mahakama ya amani ambako tunaenda kwa mambo ya mbuzi na mipaka.

Hapa tunaomba musikilize zaidi, sababu kwetu wenye kurudi jambo hili liko na uzito kuliko kwa mwingine. Munajua wengi wetu tulikuta nini tuliporudi kutoka Lugufu na Nyarugusu. Shamba liko na mtu. Kiwanja kimejengwa. Wengine walikuwa na karatasi, wengine walikuwa na mti wa mwembe tu ambao babu alipanda. Tumekaa chini ya miti hiyo na wazee wa pande zote mbili, mara tatu, mara kumi, mpaka watu wakakubali kugawa mpaka au kulipana. Mashauri mengine hayajakwisha mpaka leo. Sasa fikirini mmoja wa hao wawili inasikika kwamba ana bastola. Hajaitoa. Hajamuonyesha mtu. Inasikika tu. Mwenzake hatakuja tena kwenye kikao. Atatafuta yake, au atakwenda kumtafuta kijana wa pori anayemjua, na shauri la mita 10 za mihogo limekuwa shauri la kabila. Au atakwenda njia fupi: atakushitaki kwamba wewe ni mtu wa kundi fulani, na ukikutwa na silaha hutakuwa na la kusema. Katiba yetu, kwenye kifungu cha 190, inakataza makundi ya silaha ya watu binafsi na kuliita jambo hilo uhaini mkubwa. Bastola moja si kundi, ni kweli. Lakini mtu aliyetoka nje ya nchi, asiye na ndugu wengi kijijini, akikutwa na silaha, nani ataenda kueleza tofauti hiyo kwenye baryeri?

Tunasema wazi kwa ndugu aliyeandika ombi: komite haikukataa sababu ya kukudharau. Ilikataa sababu pesa ya kese ni ya wote, na silaha ya mmoja inawaweka wote kwenye hatari. Wafadhili wetu nao hawatatoa hata franga moja kwa jambo hilo, na wako na haki. Magari tunayotembelea yana ile picha ya bunduki iliyopigwa msitari mwekundu. Hatuwezi kubeba picha hiyo mlangoni na kufanya lingine kwenye kese.

Lakini kukataa tu bila kutoa kitu ingekuwa kumuacha mtu peke yake na hofu yake. Njo maana tulikaa na komite siku mbili tukiuliza: mwizi anaingia kupitia wapi? Anaingia kupitia mlango. Tulipita kwenye nyumba 30 za wanachama. Milango mingi ni ya mbao nyembamba, bawaba mbili ndogo, komeo la msumari. Teke moja linatosha. Mlango wa mbao ngumu wenye bawaba tatu na mti wa kukinga kwa ndani, uliowekwa kwenye fremu iliyoshikwa na simenti, hauzuii AK. Unanunua dakika. Na dakika njo kitu ambacho bastola haikupatii.

Dakika hizo ni za nini? Za kelele. Wenye kuishi kambini munakumbuka sungusungu. Hawakuwa na bunduki. Walikuwa na filimbi, tochi na zamu, na mtu akipiga filimbi kwenye blok moja, blok nzima iliamka. Kijiji kimoja huku juu kimeanza tena kwa nyumba kumi: filimbi kwa kila nyumba, na mapatano kwamba hakuna anayetoka nje mbio kupigana. Kila mmoja anapiga yake akiwa ndani, anapiga sufuria, anapiga mabati. Mwizi alikuja kwa nyumba moja. Nyumba 40 zikilia hajui tena nani amemuona. Tunasisitiza: kelele ni ya kumfukuza. Si ya kumkamata na kumchoma. Zamu ya usiku ikigeuka kuwa tribinali ya barabarani, sisi hatuko ndani.

Jambo la tatu ni pesa zenyewe. Nyumba isiyo na pesa ndani haimvuti mwizi mara mbili. Sanduku la AVEC lina kadenasi tatu na watu watatu wenye funguo, hiyo munaifanya vizuri. Udhaifu uko siku ya kugawa. Tunaomba kugawa kufanyike asubuhi, watu wakipokea kwenye simu zao, kwa M-Pesa au Airtel Money, na kinachobaki mkononi kiwe cha sabuni na chumvi. Tunajua makato yanauma. Mama mmoja alisema anaona kama simu nayo ni mwizi mdogo. Lakini huyo hapigi teke mlango.

Kwa mama na dada wanaokwenda mashambani na kutafuta kuni: nao waliuliza juu ya bastola ya kuweka kwenye kitambaa kiunoni. Yote tuliyosema juu ya nyumba yanasimama hata njiani, na zaidi, sababu njiani atakayekupekua wa kwanza ni mwenye silaha. Kwendeni watano au zaidi, saa moja, njia moja inayojulikana, na anayebaki nyumbani ajue saa ya kurudi. Na kama ubaya umetokea, Mungu apishe mbali, usioge, usingoje kikao cha familia: fika kituo cha afya kabla ya masaa 72 kwisha. Dawa za kuzuia UKIMWI zinafanya kazi ndani ya muda huo tu. Anayemficha mgonjwa kwa kulinda jina la familia anamuongezea ugonjwa.

Swali moja la mwisho tuliulizwa kwa sauti ya chini: na yule ambaye tayari anayo? Usituletee ofisini. Sisi hatupokei silaha, na wewe ukikutwa nayo njiani hutaaminiwa kwamba ulikuwa unairudisha. Ongea kwanza, bila silaha, na mzee unayemwamini au padri au mchungaji, naye aongee na viongozi na watu wa P-DDRCS, programu ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2021, wapange namna ya kuipokea. Kurudisha kunawezekana. Katanga, miaka ya 2004 na 2005, shirika la PAREC la Mchungaji Mulunda lilikuwa linapokea bunduki na kutoa baiskeli. Watu walileta nyingi.

Komite imekubali hivi: kese itakopesha milango 12 ya kwanza, kulipa kwa miezi 8 bila faida, tukianza na wajane na wazee wanaoishi peke yao. Ndugu aliyeandika ombi la bastola amekubali jina lake libadilishwe kuwa ombi la mlango, na ni wa nne kwenye liste. Filimbi 100 zimefika. Mwenye mbao kavu nyumbani azilete kwa seremala Jumamosi asubuhi; atapunguziwa kwenye mkopo wake.