Tuhesabu Samaki, Tuhesabu na Watu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu. Kazi yangu ni kuwauliza watu maswali kando ya maji yaliyohifadhiwa. Mtashangaa mtoto wa Shinyanga, aliyekulia katika vumbi la ng'ombe, anatafuta nini huko. Lakini jambo hili nililijua nyumbani. Sisi tuna ngitili: malisho hufungwa masika, yakafunguliwa kiangazi. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, mwaka 1986, desturi hiyo ilifufuliwa na miti ikarudi. Hata hivyo babu yangu hakuuliza tu nyasi zimefika wapi. Aliuliza pia ni ng'ombe wa nani wanaoingia.

Swali hilo husahauliwa upesi majini. Kisiwa cha Rubondo, mkoani Geita, kilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, pamoja na maji yanayokizunguka, ambamo samaki huzaliana na uvuvi umekatazwa. Kabla ya hapo, miaka ya 1960, wavuvi waliokuwa wakiishi kisiwani walihamishwa. Kule pwani, Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na wanavijiji wakabaki kuishi ndani yake. Ni rahisi kusema hifadhi imefaulu kwa kuhesabu samaki peke yao.

Nilipoanza kazi nilipewa fomu yenye nafasi za mitumbwi, nyavu na kilo. Katika mwalo mmoja, mama aliyekuwa akianika dagaa akaniuliza, "Mwanangu, mimi umeniandika wapi?" Nikaipitia fomu yote. Hakuwamo.

Na upande wa Geita iko hatari nyingine. Bei ya dhahabu ikipanda, vijana huacha nyavu wakaenda machimboni. Samaki wakiongezeka mwaka huo, tutaisifu hifadhi. Nyumba zikiezekwa mabati, tutaisifu tena. Kumbe ni dhahabu! Kwa hiyo hesabu ianze kabla maji hayajafungwa, na irudiwe kila mwaka katika nyumba zilezile. Kando yake kichunguzwe kijiji kilicho mbali na hifadhi, lakini chenye vijana wanaokwenda machimboni vilevile. Wanawake waulizwe peke yao, maana mbele ya waume zao wengi hunyamaza. Ulizeni nani yumo katika kamati ya mwalo, nyumba ipi imeacha kula samaki, mtoto gani ameacha shule. Kisha majibu yarudishwe kijijini, yasomwe mkutanoni mbele ya waliyoyatoa, nao wayasahihishe.

Vijana, hesabu mnazofundishwa humu zina kazi hiyo. Siku mtakapokabidhiwa fomu, itazameni kwanza kama yule mama yumo.